Mihadhara na Warsha za Mwaka za Kikundi cha Kusuka Ukili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa vikundi vya wasukaji wa visiwani na mwambao vinavyopanga mafunzo ya mwaka, na kwa yeyote anayetaka kuhudhuria akiwa hajui pa kuanzia. Vipimo vyote ni vya ukindu, yaani majani ya mkindu, isipokuwa pale tulipotaja miyaa, majani ya mkoma.

## Mambo ya msingi

Mhadhara na warsha vina tofauti gani?

Mhadhara ni wa kusikiliza na kuuliza. Saa moja na nusu inatosha, nusu ya muda huo ikiwa ya maswali, na ukumbi wowote wenye mikeka na hewa unafaa, hata watu wakiwa 60. Warsha ni ya mikono. Inataka majani yaliyokwisha andaliwa, mwanga wa kutosha, fundi aliye karibu, na idadi ndogo ya watu. Vikundi vingi huita kila kitu "semina", kisha watu 40 wanakusanyika kumzunguka bibi mmoja mwenye ukili mkononi, na wa nyuma wanaondoka bila kuona hata kidole chake. Tenganisheni tangu kwenye tangazo.

Ukili ni nini, na kwa nini mafunzo yaanzie hapo?

Ukili ni utepe mrefu uliosukwa kwa chane, yaani vipande vyembamba vya jani lililochanwa. Mkeka, msala, kikapu, kawa, mkoba: vyote ni ukili uliozungushwa au kupangwa ubavu kwa ubavu na kushonwa. Ukili ukiwa mbovu hakuna mshono utakaouokoa. Anayetaka kujifunza mkoba kabla ya ukili atajifunza kushona makosa yake.

Sijawahi kusuka. Nianze na warsha ipi?

Warsha ya kuandaa majani: kukata, kuchana, kuanika, kusawazisha. Wanafunzi wengi huiruka kwa sababu haina kitu cha kwenda nacho nyumbani. Lakini zaidi ya nusu ya kasoro zinazoletwa kwenye warsha za mbele (ukili unaopinda, matundu, rangi yenye mabaka) zimeanzia kwenye jani. Aliyechana mwenyewe chane 100 zenye upana mmoja huwa ameshajua kwa vidole jani bichi, jani kavu na jani lililozeeka.

Mwaka uwe na vipindi vingapi?

Kwa kikundi cha watu 20 hadi 30, mihadhara 4 na warsha 6 ni mzigo unaobebeka. Zaidi ya hapo majani hayatoshi, na mafundi wanachoka.

## Kalenda

Warsha ipi iwekwe miezi gani?

Jua ndilo linalopanga, kikundi kinafuata.

Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, ni wakati wa kukata na kuanika. Wekeni hapo warsha ya kuandaa majani, na mkusanye akiba ya miezi ijayo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni ya mihadhara na kusuka ndani ya nyumba. Unyevu wa hewa hulainisha chane zenyewe, kwa hiyo usukaji unakwenda vizuri, lakini msithubutu kuanika wala kutia rangi. Juni hadi Septemba, kusi ikivuma na mvua zikiwa chache, ni ya rangi, kisha kushona. Vuli inapoingia Oktoba, malizieni kazi: pindo, mishikio, maonyesho na mauzo.

Tumepanga vizuri, mbona siku ikifika watu hawaji?

Angalieni mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya ukutani. Pwani ya mashariki ya Unguja wasukaji wengi ni wakulima wa mwani vilevile, tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara mwaka 1989. Maji ya bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukauka mbali na watu wote wako shambani pwani. Wekeni warsha kwenye maji mafu, siku ya 7 au 8 ya mwezi, au ya 21 hadi 23.

Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hivyo kalenda ya mwaka jana hainakiliki. Mihadhara mifupi ya asubuhi inawezekana katika makumi mawili ya mwanzo. Kumi la mwisho liacheni. Pemba, msimu wa karafuu ukikolea, hakuna warsha itakayojaa. Na siku ya shughuli ya mtaani, iwe harusi au maulidi, msishindane nayo.

Warsha iwe ya saa ngapi?

Saa 3 asubuhi hadi saa 6, kisha saa 8 hadi alasiri. Mwanga wa asubuhi ni mzuri kwa macho, na mapumziko ya adhuhuri ni ya swala, chakula na kunyoosha mgongo. Anayekaa chini na miguu iliyonyooka kwa saa 3 mfululizo hataweza kuendelea mchana. Waambieni wasimame kila baada ya nusu saa, na mzee apewe kigoda bila kuombwa.

## Majani

Ukindu au miyaa?

Ukindu, yaani majani ya mkindu, ni mwembamba, laini na unang'aa. Unafaa mikeka ya kulalia, misala na kazi za rangi. Miyaa hutoka kwa mkoma, ambao sehemu nyingine huitwa mlala. Jani lake limefunguka kama kipepeo cha kujipepea, nalo ni gumu na refu zaidi. Hilo ni la vikapu, majamvi na mikoba ya sokoni. Kwa wanaoanza tunapendekeza miyaa siku ya kwanza kwa sababu haikatiki ovyo na chane zake ndefu hazidai kuungwa kila mara, kisha ukindu kuanzia siku ya pili.

Jani likatwe vipi bila kuua mti?

Linalotakiwa ni jani changa lililofumbana bado, lililosimama katikati kama mkuki. Kata jani hilo moja kwenye shina moja, juu ya pale linapotokea, kisha liache shina hilo lifungue majani mengine kabla ya kurudi. Usichimbe kisu kwenye moyo. Shina la mti wa jamii ya mitende hukua kutoka nchani tu. Ncha hiyo ikikatwa, shina zima linakufa hata kama mizizi ni mizima. Mkindu huota kwa kichaka chenye mashina kadhaa, basi zungukeni kichakani badala ya kumaliza shina lililo karibu na njia.

Tunaanika siku ngapi?

Siku 3 hadi 5 za jua kamili, mpaka kijani kiishe na jani liwe jeupe la maziwa. Geuza kila siku. Ingiza ndani kabla ya magharibi. Umande wa usiku mmoja unatosha kuleta madoa meusi ya kuvu ambayo hayatoki kwa kuosha wala hayafichiki kwa rangi, isipokuwa nyeusi. Yakikauka funga mafungu, zungushia kitambaa au karatasi, weka juu ya dari au kwenye kichanja. Mfuko wa nailoni hutoa jasho ndani, na jani huoza huku likionekana zima.

Kila mshiriki aandaliwe chane ngapi?

Swali hili huulizwa siku moja kabla ya warsha, na jibu huwashtua walioliuliza. Chane husafiri kwa mshazari ndani ya ukili, kwa hiyo ukili wa mita 1 hula takriban mita 1.4 za kila chane. Ukili wa chane 7 unahitaji basi karibu mita 10 za chane. Chane ya ukindu yenye sentimita 30 hubaki na 25 za kazi baada ya kuunga. Mita 10 ukizigawa kwa sentimita 25 ni chane 40. Ongeza 10 za kukatika. Chane 50 kwa kila mita ya ukili, kwa kila mtu: watu 15 wakisuka mita moja moja ni chane 750, zilizochanwa na kusawazishwa kabla ya siku yenyewe. Ndiyo maana warsha ya kuandaa majani inatangulia.

## Ndani ya warsha

Fundi mmoja afundishe watu wangapi, na wakae vipi?

Watu 6, wasizidi 8. Mwanafunzi akae ubavuni mwa fundi au nyuma ya bega lake, asikae mbele yake. Ukimtazama fundi uso kwa uso, mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto kwako, na utasuka kinyume. Ndiyo sababu wasichana waliojifunza wakiwa wamejiegemeza kwa bibi zao hujua haraka kuliko waliopangwa madawatini.

Asiye wa kulia kwa mkono, yaani anayetumia kushoto, yeye sasa akae mbele ya fundi. Kwake kinyume ndicho sahihi.

Ukili wa kwanza husukwaje?

Anza na chane 5, kila moja upana wa milimita 8. Zifunge pamoja kwenye ncha moja kwa uzi, ubandue uzi huo baadaye. Gawa: 3 mkono wa kushoto, 2 mkono wa kulia. Chukua chane ya pembeni kabisa kushoto, ipitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya inayofuata. Sasa imeingia kundi la kulia, na kulia kuna 3. Chukua ya pembeni kabisa kulia, juu ya jirani, chini ya inayofuata, imerudi kushoto. Rudia. Kila zamu inaanzia pembeni na inaanza na juu. Ikifika pembeni, chane hukunjwa, haisokotwi: upande wa ndani unageuka kuwa wa nje na ukingo unabaki bapa.

Chane 5 zikizoeleka, nenda 7: juu, chini, juu. Idadi iwe witiri ili kingo mbili zifanane.

Nasuka vizuri lakini ukili unapinda kama mundu.

Mkono mmoja unavuta kuliko mwingine. Ukili hujikunja kuelekea upande ulio vutwa sana. Usijaribu kuunyoosha kwa kuukalia; fumua hadi pale ulipoanza kupinda, na kila baada ya zamu 10 ulaze ukili kwenye mstari wa sakafu uangalie. Sababu ya pili ni chane zisizolingana upana, na hiyo haiponi kwa kuvuta.

Jana ulikuwa umebana, leo una matundu. Kwa nini?

Ulisuka chane zilizolowa sana. Jani likinywa maji huvimba, likikauka hunywea, na nafasi hubaki. Usiloweke chane kwenye ndoo. Zifunge katika kitambaa kilichokamuliwa kwa dakika 20 hivi, na utoe chache chache. Jani likipinda bila kulia na bila kuacha maji kidoleni, hapo limefaa.

Chane imekaribia kuisha. Naungaje?

Ikibaki urefu wa vidole vinne, laza chane mpya juu ya ya zamani, uso kwa uso, na uzisuke mbili kama moja kwa mapitio manne au matano. Ncha zote zielekee upande wa nyuma. Usiunge chane mbili jirani mahali pamoja, maana hapo panakuwa na nundu na ndipo ukili hukatikia. Ncha hupunguzwa kwa mkasi ukili ukishakauka kabisa. Ukizikata mbichi, huchomoka.

Warsha ya rangi inahitaji vitu gani?

Sufuria kubwa isiyotumika kwa chakula, na isirudi jikoni kamwe. Moto wa nje, vijiti vya kugeuzia, glavu, kitambaa cha kufunika pua wakati wa kufungua unga wa rangi, na maji mengi ya kusuuza. Kwa kilo 1 ya chane kavu tumia lita 15 hadi 20 za maji. Anzeni na kijiko kimoja cha chai cha unga kwa kila lita 5, chovyeni chane tatu za majaribio, zikaushwe, kisha ndipo muamue kuongeza. Rangi mbichi hudanganya: huonekana nzito kuliko itakavyokuwa.

Maji yachemke kwanza na unga uyeyuke wote. Punje isiyoyeyuka huacha nukta. Chane ziwe zimeloweshwa kidogo ili zinywe kwa usawa, zifungwe kilegevu, zikae kwenye mchemko dakika 20 hadi 30 zikigeuzwa. Suuzeni mpaka maji yatoke meupe, muanike kivulini. Mkeka unaochafua kanzu ya mteja ni mkeka ambao chane zake hazikusuuzwa au zilichovywa kwenye maji ya vuguvugu.

Pangeni kutoka nyepesi kwenda nzito: njano, kisha nyekundu, kijani, zambarau, na nyeusi ya mwisho.

Na rangi za asili?

Zinafundishika kwa siku moja, na zina uzuri wake. Gome la mkoko hutoa hudhurungi yenye wekundu. Mbegu za mzingefuri hutoa rangi ya chungwa, na manjano hutoa njano kali ya kupendeza ambayo jua huila haraka, kwa hiyo msiiweke kwenye kitu cha barazani. Mchuzi wa gome lenye ukakasi ukikutana na chuma chenye kutu hugeuka mweusi. Ni ukakasi na chuma vinavyoshikana. Gome la mikoko lisibanduliwe kwenye mti mzima. Tumieni la magogo yaliyokwisha katwa kihalali.

Mkeka mmoja unakula ukili kiasi gani?

Tuchukue mkeka wa sentimita 180 kwa 120, na ukili wa upana wa sentimita 6. Mshono hula nusu sentimita, hivyo kila mstari unahesabiwa 5.5. Sentimita 120 ni mistari 22, kila mmoja pima moja, yaani mita 1.8: mita 40 hivi. Ongeza moja ya kumi ya kona na kasoro, ni mita 44, sawa na pima 24 na kitu.

Ukili wa upana huo hutaka chane 11 za milimita 8. Kwa hesabu ya swali la chane, ni takriban chane 2,700 kwa mkeka mmoja, kabla ya kuongeza za kukatika. Andikeni namba hiyo ubaoni siku ya warsha ya bei.

Kushona nako kufundishwe siku hiyohiyo?

Hapana, siku yake. Ukili ukauke wiki moja kwanza, kwa sababu ileile ya matundu. Kingo mbili hukutanishwa na sindano hupita ndani ya mikunjo ya pembeni ili uzi ufichike. Kosa la kawaida ni kukaza sana: mkeka unasimama katikati kama kofia. Ulazeni sakafuni kila baada ya mistari miwili.

## Mihadhara

Tuzungumzie mada gani?

Mti na uvunaji, pamoja na bwana au bibi misitu wa wilaya. Rangi na jinsi zinavyoshika. Bei na vipimo. Majina ya michoro ya mikeka, ambayo hutofautiana kijiji hadi kijiji: waalikeni wazee watatu wa vijiji tofauti, kila mmoja alete mkeka wake, na katibu aandike jina, maana na idadi ya chane. Huo ni mhadhara wa kurudia kila mwaka, maana wanaojua wanapungua.

Na mmoja wa majirani. Nguo ya gome ya Baganda wa Uganda, ambayo hugongwa kutoka gome la mti wa mutuba, ilitangazwa na UNESCO kuwa kazi bora ya urithi usioshikika mwaka 2005 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi huo mwaka 2008. Kikapu cha asili kimo ndani ya nembo ya taifa ya Rwanda. Wasukaji wetu wakisikia hayo huuliza maswali mazito kuhusu hadhi ya mkeka kwetu.

Tunaweza kuingiza katani na viondo?

Ndiyo, kwa mhadhara na warsha yake peke yake. Mkonge si wa asili ya huku. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliuleta Tanganyika mwaka 1893. Kiondo cha Ukambani na Mlima Kenya hakina ukili hata kidogo: nyuzi husokotwa, kazi huanzia kitakoni na kupanda juu. Msichanganye siku moja, mikono ya wanaoanza huchanganyikiwa. Utomvu wa mkonge mbichi unawasha, kwa hiyo nunueni nyuzi zilizokwisha oshwa na kukauka.

Fundi mzee asiyependa kusimama mbele za watu atoeje mhadhara?

Asisimame. Aketi anasuka, na kijana amuulize maswali matano yaliyoandaliwa, kwa adabu, akimwita bibi au babu kama nyumbani. Mikono ikiwa kazini, ulimi hufunguka.

## Fedha na watu

Ada iwe kiasi gani?

Jumlisheni majani, rangi, kuni, chakula na malipo ya fundi, mgawe kwa idadi ya watu wachache mnaowatarajia, msigawe kwa idadi mnayoiota. Mwanachama asiye na fedha alete chane 100 zilizosawazishwa. Ni malipo halali na ni faida kwa wote. Fundi alipwe siku hiyohiyo, mkononi, na mweka hazina apate sahihi. Soda na shukrani si malipo.

Wanaume na watoto wanaruhusiwa?

Waje. Madema ya kuvulia husukwa na wanaume, na wengi hushika ukili upesi. Mtoto wa miaka 8 anaweza chane 3 na 5 za miyaa. Visu na rangi viwe mbali naye.

Mgeni mtalii akitaka siku moja tu?

Mpeni warsha ya saa 2: chane 5, miyaa iliyokwisha tiwa rangi, aondoke na bangili. Ada yake iwe tofauti na ya wanachama, na asiwekwe kwenye kundi lao, kwani fundi hutumia muda wote kumtafsiria.

## Mambo ya nadra

Mvua imekuta chane za rangi uani.

Ziingizeni, zitenganisheni kwa rangi papo hapo, msuuze tena kila fungu peke yake, mtundike penye upepo bila kuzirundika. Nyeupe zilizoguswa na nyekundu hazirudi kuwa nyeupe. Zitieni nyekundu au nyeusi.

Fundi anakataa kufundisha mchoro wake.

Ana haki. Mchoro huo ni riziki yake, pengine amerithi kwa mama. Mwombeni afundishe ukingo au mshono, na mchoro ubaki wake. Kumpiga picha akisuka bila idhini ni kumvunjia heshima.

Macho ya mwalimu wetu yamepungua, na hatumtaki akae pembeni.

Aliyesuka kwa miaka 50 anasuka kwa vidole, si kwa macho. Mpeni chane nyeupe au za rangi nyepesi, mumketishe mwanga ukitokea nyuma ya bega lake, na kazi ya kuchagua rangi afanye mwanafunzi. Kazi yake kubwa zaidi iwe kukagua: apitishe ukili wa kila mtu katikati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale kidole kitakaposita mwanafunzi atie uzi wa alama, arudi kufumua.